Mfereji wa Serikali Si Mto

Baiskeli ya Sheryl Amolo ilikuwa na gia nyingi kuliko kazi iliyopewa. Iliundwa ipande vilima vya changarawe, na sasa ilikuwa inazunguka mashamba ya mpunga ya Ahero, ambako kilima kirefu kuliko vyote ni kichuguu. Kila asubuhi, akishamvalisha bintiye Shantel sare ya chekechea, Sheryl alifuata tuta la mfereji hadi mwisho, akakata kona, akafuata tuta la pili, akakata kona tena, akajikuta alipoanzia. Wanawake waliokuwa wakifukuza ndege mpungani mwanzoni walimpigia vigelegele. Siku hizi hawakuinua hata macho. Ng'ombe aliyefungwa kamba naye huzunguka, na hakuna anayemshangilia.

Awali maisha yake yalikuwa mengine. Alikuwa kiongozi wa safari za baiskeli, mwanamke pekee katika kampuni moja ndogo ya Kisumu. Aliwachukua wageni asubuhi, akawapitisha mashamba ya mpunga, akawavusha mto Nyando, akawapandisha kwenye miwa ya Muhoroni na Koru mpaka Fort Ternan, huko ambako ukigeuka unaliona ziwa limelala mbali. Watu walitoka ng'ambo ya bahari kuja kula vumbi ambalo sisi tunakula bure, na wakashukuru. Sheryl aliwapenda, vichekesho vyao na yote. Lakini zaidi alipenda ile saa ya kupanda, pumzi ikiwa fupi na mawe yakiruka chini ya tairi, wakati ambapo hakuna mtu duniani anayeweza kukutuma maji.

Kisha mumewe, Ogola, akaugua ini akafa. Alikuwa fundi baiskeli mwenye mikono myepesi na maneno machache. Walikuwa wakipanga nyumba Migosi, mjini Kisumu, lakini mtu hazikwi Migosi. Alizikwa kwao, nje kidogo ya Ahero, na Sheryl akabaki pale pale bomani, kwa sababu mjane wa ukoo ule hukaa chola, yaani matanga yake mwenyewe, mpaka afunguliwe. Halali usiku nje ya boma. Haingii nyumba ya mtu. Na havuki mto.

Wa kumfungua alikuwa shemeji yake mkubwa, Okello, aliyekuwa akifanya kazi Mombasa. Okello alisema atakuja Krismasi. Krismasi ikapita. Akasema Pasaka, halafu likizo ya shule, halafu akaanza kusema "hivi karibuni," na mtu akishafika hapo kwenye simu ujue amekaa kitako. Kwake ilikuwa safari aliyoiahirisha. Kwa Sheryl ilikuwa kufuli, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mtu anayekula mahamri Kongowea.

Utauliza, mbona asipande tu baiskeli yake aende? Sheryl alisoma mpaka chuo, alisali kila Jumapili, na ungemuuliza mchana kama anaamini chira, ile laana ya kuvunja mwiko, angekucheka. Lakini kanuni ile haikumtishia yeye. Ilimtishia Shantel. Mjane akivunja, walisema, ni mtoto anayekonda. Nani atajaribu kujua kama ni kweli kwa kutumia mtoto wake?

Aliyeilinda kanuni ile ni mama mkwe, Metrine. Yeye hata si Mjaluo wa kuzaliwa. Alitoka Bunyore akiwa msichana, na mpaka leo walimwita Nyar Bunyore, binti wa Bunyore. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na Metrine alikuwa ameivaa yake muda mrefu hata akaijua kila fundo. Wenyeji walipolegea, yeye alikaza. Siku Sheryl alipouliza kama mfereji wa mpunga nao ni mto, Metrine hakucheka. Alikaa nalo swali siku mbili, akaenda kumuuliza mzee mmoja wa ukoo, akarudi na hukumu.

"Mfereji wa serikali si mto," alisema. "Ilichimbwa na tinga. Hiyo unaweza ruka."

Ndivyo Sheryl alivyopewa mashamba ya mpunga ya kuzungukia.

Sasa wiki moja Griffins akapiga simu. Griffins ndiye aliyekuwa akishikilia nafasi yake, kijana mwenye moyo mzuri na miguu minene.

"Sheryl, iko group ya Saturday. Boss anasema ni wewe ama nichukue hii kazi permanent. Mi sitaki kukunyang'anya, lakini nimechoka kumdanganya ati unakuja."

Jioni ile Sheryl alimwendea Metrine jikoni. "Mama, naomba siku moja tu. Asubuhi naenda, jioni niko hapa."

"Kuvuka?"

"Kuvuka."

Metrine aliendelea kukoroga mboga. Halafu akasema kwa sauti ya chini, bila hasira yoyote, "Baba yake Ogola alipokufa, mama yangu naye akafa huko Bunyore. Nilikuwa kwa chola. Nikavuka mito nikaenda kuzika mama yangu. Nani hangeenda? Nikarudi. Mwaka haijaisha, kitinda mimba wangu akaenda. Sasa Ogola. Nyar Seme, mimi sikukatazi ndiyo nikutese."

Sheryl alitaka kumwambia kwamba Ogola aliuawa na ini. Aliyatazama mabega ya yule mama, akaacha. Alimhurumia, na papo hapo alimchukia kwa kumfanya amhurumie.

Wakapatana nusu. Sheryl angewaongoza wageni kutoka mpunga mpaka ukingo wa Nyando. Hapo Griffins angewapokea.

Jumamosi ilikuwa nzuri mno, na hilo lilimuuma. Wageni walikuwa wachangamfu. Mama mmoja mwenye nywele nyeupe, aliyetoka nchi ya mizabibu, aliiona miwa kwa mbali kwenye vilima akasema kwao napo vilima hujipanga vivyo hivyo, na kwamba chini ya kila kilima kuna pishi la mvinyo. Sheryl alimwambia sisi chini ya vilima vyetu kuna kiwanda cha sukari, na mtu wa kupika kitu kikali zaidi hakosekani. Wakacheka wote. Aliwavusha mfereji baada ya mfereji, akibadilisha gia bila haja, kwa kusikia tu mlio wake.

Kisha mto. Ulikuwa umepungua, maji ya kahawia yakifika magotini, na mawe yalionekana. Griffins alibeba baiskeli begani akatangulia. Mmoja mmoja wakamfuata. Yule mama wa mizabibu aligeuka akiwa katikati.

"Huji?" aliuliza kwa Kiswahili chake cha kujifunza.

"Mimi naishia hapa," Sheryl alisema.

Aliwatazama wakipanda ukingo wa pili, wakikaza kofia, wakianza kuipanda njia yake, ile aliyoitafuta yeye kona kwa kona. Aliwaonea wivu mpaka akasikia machozi. Ndipo akaisukuma baiskeli mbele kidogo. Gurudumu la mbele likaingia majini, likazama mpaka kwenye spoki. Miguu yake ilikuwa pakavu. Alisimama hivyo mpaka vumbi lao likaisha mlimani, akalivuta gurudumu, akarudi kwa njia ya mifereji.

Jioni Shantel alikuwa moto kama chungu.

Metrine alimwita mhudumu wa afya wa kijiji, ambaye alimtoboa mtoto kidole, akasubiri, akaonyesha kipimo. Malaria. Kwenye mpunga nusu ya watoto huwa nayo msimu huo. Metrine alimgeukia Sheryl.

"Ulivuka?"

"Sikuvuka, Mama."

Metrine alimtazama sana, kisha pumzi ikamtoka. "Basi ni malaria tu," alisema. "Malaria iko na dawa." Akamlaza mtoto mapajani, akamnywesha dawa, akaanza kumwimbia kwa Kinyore. Ilikuwa mara ya kwanza Sheryl kumwona ametulia mbele ya mtoto mgonjwa.

Sheryl alitoka nje. Baiskeli ilikuwa imeegemezwa ukutani, na tope la Nyando limekaukia kwenye tairi la mbele. Alichuchumaa. Alijua malaria huletwa na nini, angeweza kukufundisha darasa zima. Akachota maji, akachukua kitambaa, akaanza kulisugua gurudumu, spoki kwa spoki, huku akiangalia mlango asije akaonekana.

Homa ya Shantel ilishuka. Jumatatu Griffins akapiga simu, sauti imejaa furaha. Yule mama wa mizabibu alikuwa amemsifu Sheryl kwa bosi, na bosi alikuwa tayari kukata safari iwe mbili, yeye achukue upande wa mpunga wiki zote, mpaka ukingoni tu, bila kuvuka.

Metrine alikuwa pale uani akipepeta wimbi, akasikia yote. "Nenda," alisema. "Mpaka kwa mto si kitu. Nimekubali."

Sheryl alishika simu kwa mikono miwili.

"Wapeleke wewe, Griffins," alisema. "Mimi sitaki kukaribia yale maji."

Hakuna aliyekuwa amemkataza.