Sufuria la Mheshimiwa Asteria

Ukitaka kumjua Asteria wa Loth, usianzie kwenye udiwani. Udiwani ulimkuta mtu mzima, ana wajukuu. Anzia kwenye cherehani.

Cherehani ile alinunuliwa na mumewe, Loth, alipokuwa bado anakata mkonge huko chini tambarare. Ilipandishwa mlimani kichwani mwa mtu, maana barabara yetu ya kuelekea Chome mnaijua wenyewe, gari likifika watu hutoka nje kulitazama. Basi miaka ile ya shida, sabuni hamna, sukari hamna, kitambaa ukikiona dukani unadhani unaota, Asteria alikuwa mtu wa kutafutwa. Kola ya shati ikichakaa, aliifumua, akaigeuza upande wa ndani ukawa nje, na mwalimu akaenda zake darasani kama amevaa shati jipya. Kaptula za shule alizishona kwa magunia ya unga, na ole wako ucheke.

Halafu wakubwa wakasema ruksa. Soko likafunguliwa, mitumba ikamwagika Same mpaka ikapanda mlimani. Shati zima la Ulaya, na vifungo vyake, kwa bei ya kugeuziwa kola. Nani tena ahangaike na cherehani? Hata Asteria mwenyewe alimnunulia Loth shati la mtumba, akaona haya mwezi mzima. Loth naye alikuwa amesharudi nyumbani, shamba la mkonge limefungwa, anashinda kwenye migomba yake akisema na migomba.

Hakuna aliyemtuma kugombea. Alikasirika tu. Siku moja alikuja ofisa kutoka Same kutueleza kwamba sasa wananchi watachangia dawa, watachangia na madawati. Asteria akasimama, mikono kiunoni. "Kahawa mmeliachia soko," akasema, "kitambaa mmeliachia soko. Na sisi mmemwachia nani?" Watu walicheka mpaka ofisa akafunga faili lake. Tangu siku hiyo kila akipita njiani anaulizwa, mama, mbona hugombei? Mwaka wa tisini na nne, kwenye kura za madiwani, akagombea. Akamshinda mnunuzi wa kahawa aliyekuwa na pikipiki.

Ila kwenye kampeni alisema neno moja zuri mno. Alisema ndiva yetu itajengwa kwa saruji.

Kwa asiyetoka kwetu, ndiva ni bwawa walilotuachia babu zetu juu ya mashamba. Usiku linajaa, asubuhi linafunguliwa, maji yanateremka kwenye mifereji na kila mtu anamwagilia kwa zamu yake. Ukuta wake ni mawe na udongo, na kila ukichoka, baragumu linapigwa, wote tunakwenda msaragambo: mwenye jembe na jembe lake, mwenye kichwa na jiwe lake. Asiyefika anatozwa. Vijana wanaingia kwake wanachukua kuku, na asiye na kuku anachukuliwa chombo mpaka akikomboe. Hata mchungaji alishachukuliwa birika.

"Mambo ya kubeba mawe kichwani yamepitwa na wakati," Asteria alisema jukwaani. "Nipeni kura, saruji nitaitoa Same." Tukapiga makofi. Nani hapendi kupumzisha shingo?

Alipochaguliwa, jina lake likapotea. Akawa Mheshimiwa. Mwanzoni lilimtekenya, tusidanganyane, binadamu ni binadamu. Lakini siku moja alikwenda kwa wifi yake, Rogathe, dada yake Loth, kuomba chumvi. Hao wawili walikuwa wameombana chumvi na kutukanana tangu Asteria ni bibi harusi. Rogathe akainuka kwenye kigoda, akakipangusa kwa khanga. "Karibu ukae, Mheshimiwa," akasema. Wala hakuwa anatania. Asteria akachukua chumvi yake akaondoka, na njia nzima moyo ulikuwa mzito.

Januari ikafika. Saruji haikufika. Mzee Nathanaeli, msimamizi wa ndiva, alikuwa amesubiri mpaka ukuta ukapasuka na maji yakawa yanajiendea korongoni. Akapanga msaragambo siku ya Alhamisi. Jumatano mjumbe akapanda na habari: waziri anakuja Same Alhamisi, madiwani wote wawepo.

Asteria akaenda kwa mzee. "Baba, shikamoo. Siwezi kuahirishiwa hata siku moja?"

"Marahaba. Maharage yanakauka, Mheshimiwa. Sisi tutafanya, wewe nenda zako Same."

Alimruhusu haraka mno, na hilo lilimuuma zaidi kuliko kama angekataliwa. Lakini akajiambia, huko ndiko saruji iliko, nitaidaka kwenye chanzo chake.

Same siku hiyo ilikuwa jua na vumbi na kwaya. Waziri alieleza habari za soko huria kwa kirefu. Wakati wa maswali Asteria akasimama na viatu vyake vya kuazima, akaieleza ndiva vizuri kabisa, ukuta wake, nyufa zake na mashamba yanayoitegemea. Waziri akafurahi. Akasema huyu mama ni mfano, watu wa milimani ni mfano, wanajijengea wenyewe bila kuisubiri serikali, na taifa zima liige. Makofi yakapigwa. Asteria akapigwa picha. Alipomfuata mkubwa wa halmashauri kumuuliza saruji, akajibiwa kwa upole kwamba fungu hakuna, na si amemsikia mwenyewe mheshimiwa waziri.

Kesho yake alipanda na lori, amekaa juu ya magunia ya unga, anatafakari atasema nini. Akakuta ukuta umesimama na ndiva imejaa. Kina mama waliomalizia udongo asubuhi hiyo walikuwa bado mtoni wanaosha majembe, matope hadi magotini, wanacheka kwa sauti. Walipomwona wakanyamaza. "Pole na safari, Mheshimiwa," wakasema, wakampisha njia.

Jumamosi ni siku ya kutoza. Asteria alimfunga jogoo wake mkubwa kwenye mguu wa meza, akakaa mlangoni kuwasubiri. Akawaona vijana wanaingia kwa Aminieli, aliyesema mgongo unamuuma. Wakatoka na karai lake, na Aminieli nyuma yao anafoka vizuri kabisa, mgongo umenyooka. Wakafika kwa Asteria. "Shikamoo, Mheshimiwa," wakasema, wakapita.

Asteria alilia. Sisemi machozi yalimlengalenga, alilia. Loth akatoka shambani akashangaa.

"Hebu, mke wangu, si heshima hiyo? Wamekusamehe."

"Hawajanisamehe. Wamenitoa. Aminieli mvivu vile bado ni mtu wao, wamemtoza. Mimi nimekuwa kama yule ofisa wa Same."

Jumapili, baada ya ibada, watu wakiwa bado uwanjani kwa mnada wa ndizi za sadaka, Asteria akasimama katikati na jogoo wake kwapani. "Mimi sikufika msaragambo," akasema. "Saruji pia sikuileta. Faini yangu hii hapa."

Mzee Nathanaeli akakohoa. "Wewe ulikuwa kazini, sisi ndio tuliokutuma. Diwani hatozwi."

"Limepitishwa lini hilo?"

Watu waliangalia viatu vyao, wasio na viatu wakaangalia vidole. Akarudi nyumbani na jogoo wake.

Akabandika makande, sufuria lake kubwa lile la sherehe, kwa sababu moyo ukimuuma hupika chakula kingi. Yalikuwa yameiva, yananukia mpaka njiani, Rogathe alipoingia jikoni. Hakupiga hodi. Akachukua vitambaa viwili, akalishika sufuria masikioni, akaliepua.

"Unafanya nini?" Asteria akauliza.

"Natoza."

"Jogoo wangu mmemkataa."

"Anachotoa mtu kwa mkono wake mbele ya kanisa ni sadaka, si faini. Faini inachukuliwa." Rogathe alikuwa anahema kwa uzito wa lile sufuria. "Na sikutozi kwa ajili ya Same. Nani asingekwenda? Nakutoza kwa saruji. Ulituambia tusibebe mawe, tukakaa tunaiangalia barabara, mpaka maharage yangu ya chini yote yakakauka. Nimenyamaza tangu Krismasi kwa sababu wewe ni mheshimiwa. Leo nimechoka kunyamaza."

Asteria akainamisha kichwa. "Pole, wifi. Nilikosea," akasema. "Nilipenda makofi."

"Najua ulipenda. Sufuria utalikomboa siku ya msaragambo wa mfereji."

"Na mimi nitakula nini?" Loth akauliza kutoka mlangoni.

"Muulize diwani wako," Rogathe akasema, akatoka na makande yanafuka. Kina mama walikuwa wanamngoja njiani, kila mmoja na sahani yake, maana mambo haya hupangwa. Asteria na Loth walikula ndizi za kuchoma siku hiyo, na Asteria alikula huku anacheka peke yake.

Baragumu la mfereji lilipopigwa, alikuwa wa kwanza kufika, miguu mitupu, ngata kichwani. Akainama akaokota jiwe, akajitwisha. Rogathe akamtazama kutoka chini ya mzigo wake mwenyewe.

"Wifi," akasema, watu wote wanasikia, "hicho kijiwe tu? Na makubwa umemwachia nani?"

Watu wakaangua kicheko, mzee Nathanaeli naye. Asteria akalitupa lile jiwe, akainama tena, akachukua kubwa.