Viazi vya Mvunguni

Nikodemo alikuwa mpishi, tena si mpishi wa kubabaisha. Kwa miaka mingi alipika katika nyumba moja ya wageni nje kidogo ya mji wa Lushoto, na wageni walikuwa wakiiacha milima waliyokuja kuitazama wakamfuata jikoni kumuuliza ameweka nini kwenye mchuzi. Lakini akirudi kwake Rangwi, mtu huyohuyo alikaa akanyoosha miguu, akamsubiri mkewe Beatha atoke shamba, achanje kuni, awashe moto, apike, amtengee. Hata chai hakujichemshia. Ukimuuliza, jibu analo: "Kazini ni kazini. Jiko la nyumbani lina mwenyewe." Wanaume wenzake wakaitikia kwa vichwa, maana huku kwetu mwanamume akionekana amechutama penye mafiga, habari inashuka mlima na kufika Mombo kabla ya basi. Ujinga mtupu, lakini ndio tuliokulia.

Basi akastaafu. Hata hajazoea kulala kwake kila siku, chakula kikaanza kumkwama Beatha kooni. Kwanza nyama, kisha ugali, mwisho hata ndizi za kuponda. Wakadhani vidonda vya tumbo. Wakachemsha mitishamba, wakaombewa kanisani. Walipofika hospitali kubwa, ugonjwa ulikuwa umeshajenga: saratani, imekaa kwenye njia ya chakula. Daktari, kijana mpole, alimvuta Nikodemo kando asimzungushe.

"Mzee, dawa zipo, lakini mwili alionao mama hauzibebi. Mrudishe nyumbani ale. Chochote kitakachopita, ale. Akipata nguvu, mlete tuanze. Akizidi kukonda, hatutaweza."

Ale. Neno dogo, na ndilo lililomnyima Nikodemo raha, kwa sababu Beatha alikuwa amegoma. Jirani yao Mwanahamisi, ambaye shamba lake limepakana na lao, alikuja kila asubuhi kumpikia uji: leo wa ulezi, kesho wa mchele, keshokutwa wa maziwa na karanga. Beatha alionja, akageukia ukutani.

"Jitahidi, dada yangu," Mwanahamisi akambembeleza.

"Uji, uji, uji! Mimi ni kitoto kichanga? Nimezaa, nimelea, nimeulima mlima huu mpaka kucha zimeisha. Nataka chakula, Mwanahamisi. Kitu cha kuweka mdomoni nijue kwamba nimekula."

"Na kikikukaba?"

"Si nitakufa nimeshiba?"

Nikodemo aliyasikia yote hayo akiwa amekaa kwenye kigoda nje ya mlango wa jiko. Mpishi mzima, anamsubiri jirani apike! Wanasema mganga hajigangi, sawa, lakini huyu hakutakiwa kujiganga yeye. Mkewe alikuwa anaisha mbele ya macho yake, na yeye anaogopa kuchekwa.

Ndipo alipokumbuka nyoki. Sista mmoja wa Kitaliano, aliyekuwa akifikia pale kazini kwake, ndiye aliyemfundisha: kiazi kinachemshwa, kinapondwa, kinakandwa na unga kidogo wa ngano, kinakatwa vipande vya kuingia mdomoni, kisha vinachemshwa tena. Vikipikwa sawasawa vina umbo, vinakaa kwenye sahani kama chakula cha mtu mzima, na havihitaji jino. Ulimi unatosha. Akasimama, akainama mlangoni, akaingia.

"Shemeji, umepotea njia?" Mwanahamisi akauliza.

"Nipishe, shemeji. Leo napika mimi."

"Makubwa!" Mwanahamisi akacheka mpaka akashika ukuta. Alipomwona anakunja mikono ya shati, amekaza uso, akainuka, akamwachia kigoda.

Sasa, hapo Nikodemo akafanya kosa ambalo ni mtu wa huku tu angelifanya. Kwetu mgonjwa hapewi kiazi cha zamani. Mgonjwa na mgeni hupewa kilichong'olewa leo, udongo wake haujakauka. Akashuka bondeni kwenye viazi vya kumwagilia, akang'oa vilivyonenepa, vinang'aa ngozi. Alijua, tena alijua vizuri sana, kwamba sista alikuwa akivifukuza viazi vipya jikoni kama kuku, akisema vimejaa maji. Lakini mkono wake haukukubali kumpa mkewe kiazi kilichosinyaa.

Vipande vilipoingia kwenye maji ya moto vikayeyuka, sufuria ikawa uji. Uji tena! Akarudia, akazidisha unga ili vishikane. Safari hii vilishikana mno. Beatha, kwa kumwonea huruma mumewe aliyejaa masizi usoni, alikubali kimoja. Kikakwama. Alikohoa mpaka macho yakamtoka, Mwanahamisi akimpiga mgongoni na kumwita Mungu. Kilipotoka, Beatha alilala akilia kimyakimya.

"Baba Rahabu," akasema alipopata pumzi, "niacheni na uji wangu."

Nikodemo akatoka nje akasimama nyuma ya jiko. Alikuwa na hasira na kila kitu: na ugonjwa, na ukungu, na mikono yake iliyowashibisha wageni wa dunia nzima ikashindwa kumlisha mtu mmoja. Alihitaji viazi vya zamani, vikavu, vya unga. Sokoni havikuwepo, viazi vya huku hung'olewa asubuhi na jioni vimeshateremka Mombo. Nyumba nzima, na pengine kijiji kizima, viazi vya namna hiyo vilikuwa mahali pamoja tu, mvunguni mwa kitanda cha Beatha.

Vilikuwa mbegu. Kila baada ya mavuno ya masika, Beatha alichagua mbegu zake mwenyewe, kiazi kimojakimoja, akizitandaza gizani chini ya kitanda mpaka mvua za vuli. Havikuguswa na mtu. Binti yao Rahabu, ambaye siku hizi ameolewa Tanga, aliwahi kuchoma vichache utotoni akala kiboko, na mpaka leo ukimtajia kiboko kile anajishika mguu. Lakini Nikodemo hakuogopa kiboko. Kila jioni Beatha aliuliza kama mawingu yameanza kukaa upande wa mvua. Kila jioni alisema, "Nikipata nguvu tutaanza na shamba la juu." Mtu anayetegemea kulima hali mbegu. Ukimlia mbegu mtu aliye hai, umemwambia nini? Umemwambia hutalima tena. Na asipokula, hatalima vilevile. Nikodemo alizunguka na jambo hilo siku nzima, asione pa kutokea.

Kesho yake Mwanahamisi alipomtoa Beatha nje kuota jua, Nikodemo akaingia chumbani na kapu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, walisema wahenga, ila hawakusema kwamba ukiinama machozi yanaweza kukutoka. Akapiga magoti, akachukua vya nyuma kabisa, visivyogeuka kijani, akarudishia vya mbele ili pengo lisionekane. Mwizi ndani ya nyumba yake!

Jikoni akabandua machipukizi, akavichemsha na maganda yake ili visinywe maji. Akavimenya vingali vya moto, akihamisha kiazi mkono huu kwenda ule, akivipulizia vidole. Akaviponda mpaka havina hata donge, akavitandaza mvuke utoke. Unga akanyunyiza kama mtu anayetia chumvi. Hapo mikono ikakumbuka kazi yake: akakanda kidogo tu, akasokota kamba za unene wa kidole, akakata, akaburuza kila kipande juu ya uma ili kiwe na mifereji ya kushika mchuzi. Vilizama kwenye maji, vikatulia, kisha vikaelea juu kimoja baada ya kingine. Akaviopoa, akavipaka siagi na maziwa mazito.

Beatha alikitazama cha kwanza kwa woga. Akakiweka ulimini, akafumba macho. Koo likapanda, likashuka. Kikapita.

"Nipe kingine," akasema.

Mwanahamisi akapiga kigelegele akakikatisha kwa mkono, akilia. Beatha alikula taratibu, akipumzika, mpaka sahani ikabaki siagi tupu. Kisha akamtazama mumewe.

"Kumbe hiki ndicho ulichokuwa unawapa wazungu miaka yote hiyo, mimi nakula makande?"

Nikodemo akakosa pa kuficha uso. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Viazi umetoa wapi?"

"Nimeagiza," akadanganya. "Vimetoka upande wa Lushoto."

Beatha akapitisha kidole kwenye siagi iliyobaki, akakilamba.

Toka siku ile ikawa ndiyo kazi. Mwanahamisi akimtoa Beatha juani, Nikodemo anainama. Wanaume waliopita njiani walimwona ana mwiko mkononi, wakasema yao, na yeye hakuwa na nafasi ya kuwasikiliza. Beatha akaanza kukaa mwenyewe kitandani. Sauti ikarudi, na ukali ukarudi. Akamgombeza kwa kuacha moshi ujae jikoni, na Nikodemo akafurahi kugombezwa. Lakini furaha yenyewe ilikuwa ya kumkaba, maana kila sahani aliyomlisha ilitoka kwenye vuli yake. Rundo la mvunguni lilipungua mpaka vya mbele havikutosha tena kuficha nyuma.

Asubuhi moja, mawingu mazito yamelalia mlima, Beatha alimaliza kula akaishika sahani asimrudishie.

"Baba Rahabu, nivutie viazi vilivyobaki."

"Viazi gani?"

"Usinifanye mtoto. Nalala juu yake. Na ulimi wangu haujafa. Kiazi changu nisikijue?"

Nikodemo akakaa chini palepale sakafuni. "Umejua tangu lini?"

"Tangu sahani ya kwanza. Ningesema, ungeacha kupika."

"Nisamehe, mama Rahabu. Nisamehe. Sikutaka ufikiri nimekukatia tamaa. Naogopa, naogopa sana, lakini sijakata tamaa. Daktari amesema ukipata nguvu wataanza dawa. Mbegu tutanunua nyingine, tutalima hata kwa kuchelewa..."

"Nivutie," akasema Beatha.

Akavivuta juu ya gunia mpaka miguuni pake. Beatha akateremka kitandani akakaa sakafuni, akakataa kushikwa. Akaanza kuvichambua kama alivyochambua miaka yote, akikigeuza kila kiazi, akikipapasa vijicho vyake vya kuchipua kwa kidole gumba, hiki kulia, hiki kushoto. Alichoka, akapumzika, akaendelea. Mwisho kukawa na mafungu mawili, moja kubwa, moja dogo. Nikodemo akaliona lile kubwa, moyo ukamtulia kidogo. Akachukua gunia jingine tupu aanze kulifunika lile fungu.

"Acha hilo. Hilo ni la kupika," Beatha akasema, akasukuma mbele lile dogo. "Mbegu ni hizi."

Nikodemo akaziangalia. Zisingefika hata nusu ya shamba la juu, shamba ambalo wawili hao walilipanda lote kila vuli tangu waoane.

"Mbona chache hivi, mama Rahabu?"

Beatha akajifuta udongo mikononi kwa upindo wa kanga.

"Nimekupimia wewe," akasema. "Peke yako utaweza hizo tu."