Fataki za Bunduki, Kutoka Coon Rapids Hadi Burnsville

Mama alipokuja kuishi nasi Coon Rapids, huku ughaibuni, alizunguka nyumba nzima bila kuuliza kitu mpaka alipofika gereji. Hapo akasimama mbele ya kile chombo cha chuma kilichokazwa mezani.

"Hiki cha nini, mwanangu?"

Nikamweleza kuwa ni cha kujazia risasi upya. Mimi ni muuguzi. Kuwinda nilifundishwa na mwenzangu wa kazini, mama mmoja aliyekulia mashambani huko kaskazini, na ndiye aliyenionyesha kwamba ganda la risasi likishapigwa halitupwi. Unang'oa kile kikombe kidogo cha kitakoni kilichoungua, unatia kipya, unatia baruti, kisha unakaza kichwa cha risasi juu. Napenda kazi ile kwa sababu haitaki haraka, na hospitali kila kitu ni haraka.

Mama aliokota kikombe kimoja kilichokwisha kutumika, akakiweka kiganjani. Kilikuwa kidogo kuliko kifungo cha shati.

"Hii si fataki?"

Miaka yote nilikuwa nakiita kwa Kiingereza. Fataki kwangu zilikuwa zile za kulipua wakati wa Idi. Mama akanicheka. Baba yake, babu yangu niliyemkuta mzee sana kule Kwale, alikuwa na gobore la kulindia mahindi yasiliwe na nguruwe mwitu. "Gobore linataka baruti na fataki," alisema. "Fataki zikiisha, hao nguruwe utawafukuza kwa kupiga debe."

Zangu nazo zilikuwa zimeisha, na msimu wa kulungu ulikuwa karibu. Siku yangu ya ofu nikamwambia tufuatane kuzitafuta. Akavaa koti juu ya buibui, akaingia garini kama anayekwenda harusini.

Duka la kwanza, palepale Coon Rapids, rafu ilikuwa tupu. La pili, Fridley, vilikuwepo vijisanduku tele, na mama akaanza kuniwekea kwenye kikapu.

"Hizo za bastola, mama. Upana ni sawa na za bunduki yangu, lakini ni fupi kidogo, na bati lake ni jembamba."

"Na hizi za upande huu?"

"Hizo za bunduki, ila ndogo. Haziingii kwenye maganda yangu."

Mama alishona nguo za watu miaka mingi, kwa hiyo hakuhitaji maelezo zaidi. "Kumbe ni kama sindano ya cherehani," akasema, akavirudisha kimoja kimoja mahali pake.

Tukashuka kusini hadi Burnsville. Mwenye duka, mzee mwenye kofia ya kitambaa, alikuwa na fataki kubwa za bunduki za aina mbili: za kawaida na zenye moto mkali. Nikamuuliza kama za moto mkali zingenifaa zaidi kwenye baridi. Akaniuliza natumia bunduki gani na baruti gani, akatikisa kichwa. Za kawaida zingetosha. Nikibadilisha, ingenibidi nianze upya kupima baruti kuanzia kiwango cha chini. Nikachukua za kawaida.

Nilipogeuka, mama hakuwa nyuma yangu. Alikuwa ukutani, akitazama gobore lililotundikwa juu.

"Mwambie huyu bwana anishushie."

Mzee akalishusha, akahakikisha ni tupu, akampa. Mama akalisimamisha sakafuni, akaonyesha jinsi baba yake alivyomimina baruti kwa kiganja, akashindilia kwa ufito, halafu akabana vidole viwili kama mtu anayeshika punje ya mtama na kuiweka chini ya mtambo wa kufyatulia. Mimi nilitafsiri nikicheka. Wateja wawili waliacha walichokuwa wakitafuta, wakasogea.

"Na fataki aliziweka wapi zisilowe?" mzee akauliza.

"Kwenye kofia, ndani ya mkunjo."

Mzee akavua kofia yake, akamkabidhi. Mama akamkunjia ukingo vizuri, akairudisha kofia utosini mwa mzee kwa mikono miwili. Mzee alituaga akiwa ameivaa hivyohivyo.

Jioni ile tulifanya kazi pamoja gereji. Mama alivaa miwani ya kulinda macho, akageuza fataki kwa ncha ya kidole zitazame upande mmoja, nami nikazikaza kwenye maganda. Hakuacha kusimulia habari za babu, nyingi sikuwahi kuzisikia.

Novemba nilipata kulungu jike kwa risasi moja, baada ya kusoma bismillahi kama mama alivyonisisitizia. Tulimpika kwa nazi, tukawaita majirani. Mama alikula vipande vitatu, akanawa mikono, akaniuliza msimu unafungwa lini.