Salongo Kwenye Miti ya Yangeyange

Mwaka wangu wa kwanza wa ndoa niliwachukia ndege wale. Nyumba tuliyopanga, mimi na mume wangu, ilikuwa ya mwisho kabla ya mto Tshopo, na nyuma yake palikuwa na kichaka cha mianzi na miti mirefu ambamo yangeyange walikuwa wanazalia. Walikuwa wengi hata ungedhani mtu ameanika nguo nyeupe juu ya mianzi yote. Kelele zilianza alfajiri. Walinuka samaki aliyeoza, na shuka niliyoianika safi niliianua ina madoa. Nilimwomba mume wangu tuhame. Alicheka, akasema nitazoea.

Nilifanya zaidi ya kuzoea. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na vitabu vyetu vilikuwa vichache na vimechanika. Lilipofika somo la wanyama sikuwa na kitu cha kuwaonyesha wanafunzi, basi nikawaleta nyuma ya nyumba yangu. Tulisimama kimya tukitazama dume akileta kijiti, jike akikipokea, akikipachika, akikitoa na kukipachika tena mahali pengine, kama mama asiyeridhika na mpango wa jiko lake. Tangu siku ile nilikwenda hata bila wanafunzi. Jirani yetu mmoja, mjane aliyeuza kwanga, mikate ya muhogo, sokoni, alianza kusimama pamoja nami. Alitoka Maniema kama mimi, akanifanya mdogo wake, nami nikamwita yaya, dada mkubwa.

Baadaye walikuja watu wa chuo kikuu, wakatazama, wakaongea na wakubwa, na kichaka kikatangazwa kuwa hifadhi ya ndege. Kibao cha bati kilipigiliwa kwenye mti mkubwa: mtu asikate, mtu asiwinde. Mimi na yaya tuliombwa tuwe macho. Hatukulipwa kitu. Tuliwafukuza wenye manati, tukawaonyesha wanawake wa kuni pengine pa kwenda. Mume wangu, ambaye alikuwa mkuu wa Chama katika mtaa wetu, alijivunia sana. Wageni wakija alivaa abacost yake, ile suti ya Chama, akawapeleka kuona ndege wa mke wake. Ndivyo alivyowaita.

Ng'ambo ya kichaka kulikuwa na kiwanda cha sabuni, mali ya wageni kutoka Ulaya. Wafanyakazi wake ndio waliotuambia kwamba kiwanda kinataka kupanuka, kwamba matangi ya mafuta ya mawese yatasimamishwa pale pale kwenye mianzi. Sikulala vizuri. Nilimwambia mume wangu, naye akasema tusikae kulalamika nyumbani, twende tukamwone gérant, yaani msimamizi wa kiwanda.

Tulikwenda watatu, pamoja na yaya. Gérant alitupokea vizuri, akaagiza tuletewe soda, sucré baridi. Mume wangu ndiye aliyesema kwa niaba yetu. Sijawahi kumsikia akiongea vile, hata kwenye mikutano ya Chama. Alieleza jinsi watoto wa shule wanavyojifunza pale, jinsi ndege wanavyokula wadudu mashambani mwa watu, jinsi mji unavyopaswa kuwa na kitu cha kuonyesha wageni zaidi ya maporomoko ya Wagenia. Gérant alisikiliza akiitikia kwa kichwa. Mwisho akatuambia kwamba ndege si adui zake, na kwamba matangi yanaweza kuwekwa upande wa barabara. Tulirudi kwa miguu, mimi na yaya tukicheka njia nzima. Mume wangu alitembea mbele yetu. Nilipika wali na samaki siku ile, chakula cha sikukuu.

Haukupita muda mrefu, ikatangazwa salongo. Wote tuliijua salongo, ile kazi ya lazima ya Jumamosi, kufagia barabara na kuzibua mitaro, na asiyefika alijua kitakachompata. Tuliambiwa kila nyumba ilete panga, kuna majani ya kukata mtaroni. Asubuhi tukakusanyika, tukaimba nyimbo za Chama, tukacheza kama ilivyotakiwa, halafu tukapangwa mistari. Mume wangu alikuwa mbele na filimbi shingoni, na vijana wa Chama walitembea kando yetu.

Tulifika mtaroni, tukaupita. Nilidhani amesahau. Tulizunguka nyumba yangu mwenyewe, na mbele ya mianzi akapiga filimbi.

"Kazi ya leo iko hapa," alisema.

Nilicheka, kwa kweli nilicheka, nikangoja ajirekebishe. Hakunitazama. Watu walisimama na mapanga yao chini. Walijua kibao kile, na wengi watoto wao nilikuwa nimewafundisha. Basi mume wangu akachukua panga mkononi mwa mtu wa karibu, akakata mwanzi wa kwanza yeye mwenyewe.

Ndege waliinuka wote kwa mara moja, na kivuli chao kikapita juu yetu. Ulikuwa wakati wa makinda, kwa hiyo hawakwenda mbali. Waliruka, wakarudi, wakatua kwenye mianzi iliyokuwa ikianguka, wakaruka tena. Makinda yalimwagika kwenye majani, mengine hayajaota manyoya. Watu walipoona kazi imeshaanza, nao wakaanza. Wengine walikata wakiwa wameinamisha uso. Wengine waliokota makinda na kuyatia kwenye vikapu, maana nyama ilikuwa shida siku zile. Nilimwona mama wa mwanafunzi wangu mmoja akifunga matatu ndani ya kanga yake. Panga langu lilianguka, sikusikia lilipoanguka.

Yaya alikwenda akaketi kwenye shina la mti mkubwa, chini ya kibao. Vijana wa Chama wakamvuta mkono. Hakupiga kelele. Aliwaambia tu, "Mimi niko mujane. Munikate pamoja na muti."

Nikaenda nikaketi kando yake. Mume wangu akaja, akainama mbele yangu, akasema polepole wengine wasisikie, "Simama, mama. Watakupeleka."

Nikamwuliza, "Ulijua tangu lini?"

Alinishika mkono aniinue. Nikauliza tena.

"Tangu mbele ya kwenda kwa gérant," akasema. "Ilikuwa imeshapangwa."

Sikusimama. Vijana walitupeleka mimi na yaya, wakatuketisha juani katika uwanja wa ofisi ya Chama na kutuimbisha nyimbo za Chama mpaka sauti zikaisha. Mimi niliimba, midomo ikaimba, lakini kichwani nilikuwa bado nasikia yale maneno mazuri aliyosema huku tunakunywa sucré.

Tuliachiliwa alasiri. Mianzi yote ilikuwa chini. Mti mkubwa ulisimama, maana mapanga hayakuuweza, na ndege walikuwa wamejazana juu yake hata matawi yakainama. Siku chache baadaye kiwanda kilileta msumeno.

Mume wangu alinieleza, nilipoweza kumsikiliza. Alikuwa ameamriwa na wakubwa atutulize, akikataa atapoteza kazi, na mimi pia. Hilo nilielewa, kila mtu angeelewa. Nilichouliza ni kwa nini hakuniambia hata nyumbani, hata chumbani. Alijibu, "Niliona vile ulifurahi. Nikasema, aache afurahi kidogo." Alisema kwa upole kabisa.

Matangi hayakuja. Ulifika wakati wa serikali kuwanyang'anya wageni mali zao na kuwagawia raia wakubwa, na kiwanda kikapata bwana mpya aliyeuza mashine moja moja. Uwanja ule ukaota majani, ukawa jalala.

Mwaka uliofuata yaya alisikia kitu kwa wavuvi, akanichukua. Tulipanda pirogi, mtumbwi wa mvuvi, upande wa juu wa mto, mbali kupita barrage, lile bwawa la umeme, mpaka kisiwa kidogo chenye miti iliyolala juu ya maji. Walikuwa kule. Si wengi kama zamani, lakini walikuwa wanajenga, na harufu ile ile ilitupiga usoni. Mvuvi aliyetupeleka aliuliza kama tutawaambia watu wa chuo kikuu walete kibao. Yaya akamwambia hapana. Nami nikasema hapana.

Nyumbani mume wangu aliniuliza nilikotoka. Nikamwambia nilikwenda kununua samaki.