Ukienda Kisiwani, Tuambie ni Kisiwani

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kumbukumbu yangu imekataa kuilaza. Ni siku niliyorudi nyumbani Kawetele nikitokea ziwani, nikiwa na miaka ishirini na mitatu, na uongo wangu nimeupanga vizuri mdomoni kama mtoto aliyekariri shairi la shule.

Nimeisimulia siku hiyo mara mbili tu maishani. Mara ya kwanza nilimsimulia marehemu mume wangu kabla hatujaoana, ili ajue anamwoa nani. Mara ya pili ilikuwa mwezi uliopita, nikamsimulia Atupele. Nikaona kama imemfaa yeye, huenda na wewe unayewaza kusafiri peke yako itakufaa. Elimu yangu si kubwa, niliishia darasa la saba, kwa hiyo usinitafutie maneno ya kupambwa.

Atupele ni mtoto wa mdogo wangu. Mdogo wangu huyo tulimzika mwaka jana, mvua za masika zikinyesha, baada ya kuugua miezi kumi na minne. Atupele ndiye aliyemuuguza. Ni mwalimu wa sekondari, ana miaka thelathini na mmoja, hajaolewa. Alikuwa akitoka darasani anakwenda moja kwa moja kumgeuza mama yake kitandani. Mimi kwake ni mama mkubwa, na tangu msiba ule mambo yake mengi huniletea mimi.

Basi alinikuta Jumamosi mchana napepeta maharage. Akakaa kwenye kigoda, akatoa simu, akanionyesha picha za nyumba za mawe ya rangi ya asali zilizopangana juu ya maji ya buluu.

"Malta," akasema. "Ni kisiwa, mama mkubwa, katikati ya Bahari ya Mediterania. Nataka kwenda likizo ya Desemba."

Nikamwambia kisiwa hicho nakijua kwa kusikia. Kanisani tumesomewa tangu utotoni habari za meli iliyovunjika huko, na wenyeji waliowasha moto kuwapokea waliookoka.

"Kumbe umenitangulia kufika!" akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka kwa muda mrefu.

Sitamnyima haki yake: alikuwa amejipanga. Barua ya likizo alishaiomba kwa mkuu wa shule. Alijua karatasi zote unazotaka ubalozi, na bima ya safari, na ukubwa wa picha za viza. Alikuwa ametafuta hosteli yenye chumba cha wanawake pekee, akasoma walichoandika wanawake waliowahi kulala hapo, mmoja mmoja, wazuri na wa kulalamika. Ndege alichagua inayofika asubuhi, ili asitafute njia kwenye giza. Siku kumi na mbili, peke yake.

"Na baba yako amesemaje?" nikamuuliza.

Akaizima simu. "Baba nitamwambia nina semina Dodoma. Na wewe akikuuliza, sema hivyohivyo. Nakuomba, mama mkubwa. Presha yake unaijua."

Nikauweka ungo chini. Nikamwambia, sogeza kigoda chako, nina jambo la kukueleza.

Mwanangu, huku kwetu milimani, asubuhi za mbingu safi, unaweza kuliona Ziwa Nyasa kwa mbali kule chini, kama kitambaa kilichoanikwa. Nilikuwa mchuma chai. Kila nilipoinua mgongo kupumzika, jicho langu lilikwenda kule. Nilitamani kupanda meli, nifike mahali nitazame maji nisione ng'ambo. Hapakuwa na mwanamume aliyeningoja wala shughuli yoyote. Nilitaka kuona tu. Lakini msichana anamwambiaje mama yake kwamba anataka kuona tu? Katika siku zile mwanamke alisafiri kwa sababu ya ugonjwa, msiba au ndoa.

Nikamwambia mama kuna semina ya kwaya Mbeya, ya wiki nzima. Niliuchagua uongo huo kwa akili. Rungwe hii, binti akisema anakwenda kuimba, hata mbuzi wanampisha njia. Mama alinifungia ndizi za kuchoma na karanga, akanivalisha kitambaa chake cha kichwani, akasema nisimame mstari wa mbele nionekane. Nikatoka nikielekea barabara ya Mbeya. Nilipofika lami nikapanda gari la Kyela, la kushuka ziwani.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu haikuwa fupi. Kutoka bandari ya Itungi mpaka Mbamba Bay meli ilisimama kila penye kijiji, ikishusha watu, mihogo na kuku, na ilikuwa hainiruhusu kubadili nia mpaka igeuke yenyewe.

Nikuambie ukweli, nilifurahi. Kuna siku nilitazama maji nisione ng'ambo, kama nilivyotamani. Nilikaa na wanawake wafanyabiashara wa samaki, wakanifundisha kula dagaa kwa pilipili ya kwao, wakanitania kwa jinsi nilivyoshikilia chuma meli ilipoyumba. "We mwali wa milimani, hilo chuma halikuoi, liachie!" Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Baadaye nilipiga hesabu ya siku, nikajua kwamba saa zile nacheka, mama yangu alikuwa anakata roho. Watu wengine husema moyo huwaambia. Wangu haukuniambia kitu. Nisingependa nikudanganye juu ya hilo.

Tumbo lilimshika mama Jumatano. Alhamisi kaka yangu Lusajo alitumwa Mbeya kunichukua. Alizunguka kanisa kwa kanisa mvua ikimnyeshea, akiuliza semina ya kwaya iko wapi. Kila alipoambiwa hapa hakuna, alidhani amekosea kanisa, akaenda la pili. Hakudhani hata mara moja kwamba nimedanganya. Ijumaa bado anazunguka. Nyumbani mama akawa anauliza nimefika wapi, nao wakamjibu niko njiani. Uongo wangu ukawalazimisha watu wakweli wamdanganye mtu anayekufa. Mwishoni mama akasema, "Msimsumbue. Mwacheni aimbe." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kuhusu mimi.

Wakamzika Jumamosi. Lusajo alifika jioni, akakuta kaburi limeshafukiwa. Kwa sababu yangu, na yeye hakumzika mama yake. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na hakunilaumu hata siku moja, na ningeshukuru kama angenilaumu.

Mimi nilirudi Alhamisi iliyofuata, kitambaa cha mama kichwani. Njiani nilikutana na jirani yetu mmoja, mama wa makamo, kabeba kuni. Akatua mzigo, akanitazama. "Umetoka Mbeya?" "Ndiyo, semina imekwisha, tumeimba vizuri." Alijitwika kuni zake, akanipisha. Nilipofika uani nikaona wanawake wamejifunga kanga kiunoni, majani ya migomba yametandikwa chini kama ilivyo msibani, nikaelewa alichokuwa anakiangalia usoni mwangu.

Katika ukoo wetu mama akifariki, binti mkubwa ndiye humshika kichwa wakati wa kumwogesha. Binti mkubwa nilikuwa mimi. Kichwa cha mama alikishika shangazi Tusajigwe, dada wa baba, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi. Siku ya pili akanipeleka kaburini, sisi wawili tu. Nilikuwa nimeshawaambia wote nilikokuwa. Nilingoja kofi.

"We mwana, ziwa umeliona?" akaniuliza.

"Nimeliona, shangazi."

"Ni zuri?"

Nikatazama udongo wa kaburi.

"Jibu. Umeliona kwa bei hii, usije ukatuambia hukuliangalia vizuri."

"Ni zuri, shangazi."

Akatikisa kichwa polepole. "Basi. Kuliona si kosa. Hata mimi ningependa kuliona kabla sijafa. Mama yako labda angekugombeza, labda angekukatalia, halafu ungekwenda kwa nguvu, na tungejua wapi pa kukusubiri. Kosa lako ni moja. Umetupeleka Mbeya."

Mpaka leo, kati ya mahubiri yote niliyosikia, hakuna yaliyoniingia kama yale.

Atupele alinisikiliza mpaka mwisho bila kuinua kichwa. Nikamwambia, "Semina yako sitaibeba. Ya kwangu bado naibeba. Baba yako akiniuliza nitamwambia Malta." Alikasirika kidogo, nisifiche. Akasema zamani hapakuwa na simu, siku hizi mtu anapatikana popote. Nikamjibu kwamba simu itampata yeye, sawa, lakini akipokea atasema yuko Dodoma, na kuanzia hapo kila neno litahitaji neno la kulilinda. Akaondoka bila kuniaga vizuri.

Jumapili baada ya ibada akanifuata, akasema, "Twende wote."

Baba yake ni fundi cherehani pale Tukuyu mjini. Tulimkuta sebuleni kavua viatu vya kanisani. Atupele alimwambia yote kwa mara moja, kama mtu anayejitosa maji ya baridi.

"Peke yako," akasema baba yake. "Kisiwani. Kwa nani?"

"Si kwa mtu, baba. Kupumzika."

"Kupumzika ndiyo uvuke bahari? Kisiba hapo hakuna ziwa? Nenda kakae ukingoni, tazama maji mpaka uchoke, jioni urudi ule ugali."

Nilitaka kucheka, nikajizuia. Atupele hakucheka.

"Kisiba wananijua, baba. Nikikaa dakika tano atakuja mtu kunipa pole. Sokoni pole, shuleni pole, kanisani pole. Wananipenda, najua. Lakini nimechoka kuwa mtoto wa marehemu. Nataka siku kumi na mbili mahali ambapo hakuna anayejua kwamba nimefiwa."

Shemeji yangu naye ni mgane, amefiwa na mke, na sijui kama kuna mtu aliyewahi kumuuliza anapumzikia wapi. Hakukubali siku ile. Alivaa viatu, akaenda kukaa dukani kwake, duka limefungwa, siku ya Jumapili.

Zikapita siku tatu. Siku ya nne akamwita binti yake dukani. Alikuwa amemshonea kifuko chembamba cha kitambaa laini, chenye mkanda, cha kuvaa ndani ya nguo na kuweka pasipoti. Amekishona mishono miwili miwili. Akampa na karatasi: "Niandikie jina la hiyo hosteli, na namba yao, na ndege zako. Kwa herufi kubwa, macho yangu unayajua." Karatasi hiyo sasa imebandikwa ukutani juu ya cherehani. Viza imetoka, safari bado wiki tatu.

Juzi nilikuwepo mteja alipoisoma. "Fundi, hii ya nini?"

"Ya binti yangu. Anakwenda Malta."

"Na mumewe?"

"Na yeye mwenyewe," akasema fundi, akaendelea kukanyaga cherehani.

Mwanangu, mimi sikukatazi kwenda. Watakaokukataza wapo wengi, na baadhi yao wanakupenda kweli. Mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Mwanamke kusafiri peke yake si uhuni, na kutaka kuona tu ni sababu inayotosha. Nenda, lakini jipange kama alivyojipanga Atupele: fika mchana, ujue utalala wapi kabla hujaondoka, soma waliotangulia wameandika nini, karatasi zako uziache nakala nyumbani, na ukiwa huko si lazima kila anayekuuliza umwambie uko peke yako. Huo ndio uongo pekee nitakaokuruhusu, na uutumie kwa wageni.

Wa kwako waambie ukweli. Waambie hata kama watanuna, hata kama utapigiwa kelele sebuleni na kuambiwa uende Kisiba. Kelele huisha. Mtu aliyekugombeza jana, leo anaweza kukushonea kifuko. Lakini mtu uliyemdanganya huwezi kujua atakutafuta wapi siku akikuhitaji, wala atakufa akiamini nini. Usifiche safari kwa kuogopa kuwaumiza wazee wako. Mzee anaumia na kupona. Kinachomshinda ni kuita jina lako kuelekea mahali ambapo hupo.

Kyala, ndivyo tunavyomwita Mungu huku, aende mbele yako na abaki nyuma na sisi. Maji yakuvushe salama. Wageni wakufungulie mlango kwa uso mwema. Macho yako yashibe, na majonzi uliyoondoka nayo yapungue uzito njiani. Na siku ukirudi, utukute tukiwa hai, tumekaa pamoja, tukijua sawasawa ulikotoka.