Mama Gololi na goti la binti yake

"Simama kawaida, mwanangu. Usijikaze kama unapigwa picha ya kitambulisho."

Mchezaji anacheka, mabega yanashuka. Hilo ndilo mama huyu alikuwa akilisubiri. Anachuchumaa mbele yake, anaufuta mguu kwa pamba yenye spiriti, anapapasa pembeni mwa goti kwa kidole gumba mpaka akutane na mfupa, kisha anabandika gololi ndogo inayong'aa kwa utepe wa gundi ya pande mbili. Gololi inang'oka papo hapo.

"Umepaka mafuta?"

"Kidogo tu, mama."

"Kidogo gani hiki, mguu unateleza kama kambale? Lete hapa tena."

Ni asubuhi, na chumba cha maabara ni kirefu, hakina dirisha hata moja. Kamera zimezunguka ukutani, zote zimeinamia boksi la mbao lililowekwa katikati ya sakafu. Mchezaji atapanda boksi, atashuka kwa kuruka, atatua kwa miguu miwili na hapo hapo kuruka tena juu kwa nguvu zake zote. Kamera hazina habari na sura yake wala jezi yake. Zinaona gololi tu. Kompyuta inaziunga gololi kwa mistari, anatokea mtu wa vijiti, na mtu huyo ndiye anayesema kama goti linatua limenyooka au linakimbilia ndani kumfuata mwenzake.

Goti linalokimbilia ndani ndilo linalosakwa. Watafiti wa hapa wanahofia kwamba goti la namna hiyo ndilo liko karibu zaidi kukata kano, na mchezaji akishakatika kano, msimu wake umekwisha. Anayeonekana nalo huingizwa kwenye kundi la mazoezi, afundishwe kutua kabla hajaumia.

Wachezaji wanamwita Mama Gololi, na jina limemkaa. Lakini aliingia jengo hili akiwa na fagio. Elimu yake ni ya msingi, na miaka yote alikuwa akisafisha vyumba na korido. Siku moja timu ya wasichana ilikataa katakata kubandikwa gololi mapajani na vijana wa kiume wa maabara. Daktari anayeongoza utafiti, dada mmoja mwembamba asiyekaa chini, akatoka mlangoni akamkuta anafagia.

"Mama, una mikono myepesi?"

"Nimelea watoto wanne, daktari. Hakuna aliyewahi kulia nikimtoa mwiba."

Fagio likaegeshwa ukutani. "Mshahara uliongezeka kidogo," anasema, "lakini salamu ziliongezeka sana."

Kujifunza hakukuwa lelemama. Gololi ikisogea upana wa kidole tu, goti zima linasomeka limepinda na kumbe halijapinda. Ndiyo maana kila mchezaji hupimwa mara mbili, siku mbili tofauti, gololi zikiwa zimebanduliwa na kubandikwa upya. Majibu yakifanana, kipimo kinaaminika. Yakigombana, kuna mahali pameharibika.

"Na wa kwanza kutazamwa ni mimi," anasema huku akicheka. "Kama mpishi chumvi ikizidi."

Mwaka jana ilikuwa zamu ya timu ya kikapu anayochezea binti yake. Ni kitinda mimba wake, ana miaka kumi na sita, na wenzake wanamwita Panzi kwa jinsi anavyoruka. Mama alimbandika kama alivyowabandika wengine. Panzi akapanda boksi, akaruka. Kwenye kompyuta, goti la kushoto la yule mtu wa vijiti likaingia ndani.

"Nililitazama mara mbili," anasema. "Nimeona magoti ya watoto wa watu mengi tu, nikaenda nyumbani nikala nikalala. Hilo moja nilikwenda nalo mpaka kitandani."

Daktari alimtuliza. "Tusiseme kitu bado, mama. Wiki ijayo tunapima tena."

Wazazi wenye mabinti wanaocheza, hapa pasomwe polepole. Mama huyu alikwenda nyumbani, akasogeza viti vya sebuleni, akaweka stuli katikati, akaanza kumfundisha mtoto kipimo.

"Panua magoti! Tua kama unakalia ndoo!"

"Mama, watu wa ghorofa ya chini watatupandia na rungu."

"Waje. Ruka tena."

Baba mtu akatokeza kichwa mlangoni. "Huyu anafundishwa kuruka au kutaga?"

Wiki nzima ikaenda hivyo. Mama hakuwa na nia ya kumdanganya mtu. "Nilikichukua kama mtihani wa shule. Mtoto amefeli, unamsomesha, anarudia, anafaulu. Nilitaka nisikie tu kwamba mwanangu ni mzima. Kama kweli ni mzima au siye, hilo sikuliuliza."

Siku ya pili ikafika. Panzi alitua kama bibi harusi anayeogopa kukanyaga gauni lake. Magoti yote mawili yamenyooka kama milango. Mama akashusha pumzi.

Daktari hakushusha yake. Aliweka picha mbili pembeni kwa pembeni, ya wiki iliyopita na ya leo, akazitazama kwa muda mrefu.

"Mama, haya ni magoti ya watu wawili," alisema. "Siku moja kati ya hizi umebandika vibaya. Na kama ulikosea kwa binti yako, siwezi kujua ulikosea kwa nani mwingine. Itabidi vipimo vya timu nzima niviweke kando. Na kubandika, upumzike kwanza, mpaka tujue."

Mama akasimama na utepe wa gundi mkononi. Njia ya kutokea ilikuwa nyepesi: anyamaze. Akinyamaza, daktari ataamini kwamba kosa ni la siku ya kwanza, Panzi ataitwa mzima, na yeye atarudi kwenye korido.

"Niwe mkweli, nilishaichagua hiyo," anasema. "Nikajiambia, fagio nalijua, fagio halijawahi kunishinda."

Panzi hakuwa na habari. Alikuwa anangoja kubanduliwa gololi, na mwenzake, kwa kuchoka kukaa, akamrushia mpira juu kupita kiasi. Panzi ni Panzi. Akaufuata hewani, akaudaka kwa mkono mmoja, akatua huku anacheka. Goti la kushoto likakimbilia ndani kama lililoitwa.

Hakuanguka wala hakuumia. Aliurudisha mpira tu na kuomba mwingine. Lakini mama alikuwa amesimama hatua chache kutoka pale, na kwa mara ya kwanza aliliona goti lile likiingia ndani bila kompyuta.

"Nikaona, hivi ndivyo atakavyotua uwanjani, na mimi sitakuwepo kumpigia kelele panua, panua."

Akamgeukia daktari. "Mikono yangu haina kosa, daktari. Mdomo wangu ndio wenye kosa." Akaeleza yote, stuli na sebule na ndoo, huku Panzi akijifunika uso kwa jezi.

Daktari akavua miwani, kisha kicheko kikamtoka. "Kumbe wiki iliyopita tulipima goti la Panzi, na leo tumepima sauti ya mama yake!"

Hakuishia kucheka. Alimpa maneno makavu kidogo, kwamba kipimo kilichofundishwa hakina faida kwa mtu yeyote, na mtoto ambaye angeondoka na jibu zuri ndiye angeumia. Panzi akarudishwa siku nyingine, akabandikwa na mtu mwingine. Goti likaingia ndani vile vile. Vipimo vya timu vikarudishwa mahali pake, mama akarudi kwenye gololi zake, na binti akaandikwa kundi la mazoezi.

Swali moja lilimbaki mama, akaliuliza. "Lakini daktari, si nilimfundisha, na akatua vizuri? Si ndiyo mazoezi yenyewe hayo?"

"Ulimfundisha kutua akiwa anakumbuka," daktari alimjibu. "Sisi tunataka atue hivyo hivyo akiwa amesahau."

Tangu siku ile, mpira unaning'inia kwa kamba kutoka darini, juu ya boksi, na kila anayepimwa huambiwa auguse. Akili ikienda kwenye mpira, miguu inafanya mambo yake. Na nje ya chumba kuna benchi la wazazi, ambako Mama Gololi hupita kila akipata nafasi. Leo amemkuta mzazi mmoja amemwinamia binti yake sikioni, anamnong'oneza.

"Dada, unamwambia nini?"

"Namwambia tu akumbuke magoti."

"Asikumbuke! Mwache aruke anavyoruka akigombania mpira. Mimi hilo somo nililifundisha wiki nzima, nikaharibu stuli."

Mchana yeye mwenyewe anakaa kwenye benchi lile lile. Panzi amefanya mazoezi msimu mzima, akinuna mwanzoni kwa kuwa wenzake walikuwa wanacheza na yeye anarukia mguu mmoja kwenye mkeka, na leo anapimwa tena. Kwa amri ya daktari, mama haruhusiwi kumbandika wala kuingia. Anasikia kishindo, kimya, kishindo. Anakunja utepe wa gundi vidoleni mpaka unakuwa donge.

Mlango unafunguka.

"Enhe?"

"La kushoto bado linaingia, mama."

"Sana?"

"Nusu ya ilivyokuwa zamani. Daktari anasema nisiache mazoezi."

Mama anapiga makofi mpaka mtu wa mapokezi anageuka. Anamvuta binti yake, anambusu paji la uso lililojaa jasho. "Nusu! Hiyo nusu naiamini, mwanangu. Twende ukale."

Ana mpango. Ameomba ruhusa ya kuzungukia shule ambazo wachezaji wake watapimwa muhula ujao, akutane na wazazi kabla watoto hawajaletwa, na daktari amekubali. Hotuba ameshaiandaa, na anadai haitamaliza dakika moja.

"Nitawaambia, mleteni mtoto alivyo," anasema. "Na mkishamleta, kaeni nje."