Mimi Nimo Wapi Kwenye Ramani?

Nakumbuka siku ile, mwanangu, mgeni wa wizara alipokuja kwetu Nyahanga kutuonyesha ramani ya soko jipya. Nilikuwa msichana, namsaidia shangazi yangu, Mama Kulwa, kuuza michembe kwenye geti la soko la zamani. Viazi vile vikavu ndivyo vilivyowasomesha pacha wake, Kulwa na Doto.

Unatujua sisi na wageni. Tulichinja mbuzi, tukacheza ngoma, vumbi likatua hadi kwenye miwani ya yule bwana. Alipofungua ramani tukapiga makofi hata kabla hajaeleza kitu. Kila mzee aliyesimama alishukuru tu. Kumkosoa mgeni aliyekula kwako! Nani athubutu?

Shangazi akanyoosha mkono. Mwenyekiti wa mtaa akamwashiria kwa macho akae. Hakukaa.

"Wabeja, baba, ahsante sana. Ramani yako nzuri," akasema. "Ila naona fremu za maduka tu. Mimi ninayeuza chini, pale getini, nimo wapi?"

Wazee wakainama kwa aibu. Mgeni akavua miwani, akaifuta taratibu.

"Mama, hapo getini nimechora ukuta. Pesa ni za serikali kuu, nami natoka Dodoma. Msiponiambia nyie, nitaambiwa na nani?"

Akamwomba amwonyeshe mahali penyewe, wakatoka wote wawili juani. Soko lilipokamilika, pale getini palikuwa na vizimba vyenye paa kwa wanaouza chini. Shangazi aliuza hapo mpaka miguu ilipomshinda.

Lakini siku ile, tukirudi nyumbani, nilimlaumu kwamba ametuaibisha. Alinicheka. "Mgeni mmemlisha mbuzi, ukweli mkamnyima. Huo ni ukarimu gani?" Nampenda mama yule hadi leo.

Sasa huko kwenu Katoro wanakuja kuijenga upya stendi, nawe una kibanda chako cha chipsi pembeni. Wapokee vizuri, wapikie. Usiibeze serikali, maana stendi haijengwi kwa michango ya mtaa. Lakini serikali haijawahi kukaa kibandani kwako. Simama useme, hata sauti ikitetemeka, hata mwenyekiti akikukazia macho. Na umtaje yule bibi wa karanga, jirani yako hapo stendi, ambaye hawezi kufika mkutanoni.

Mungu akutangulie, mwanangu, akupe moyo wa shangazi yangu. Na wakishamaliza kujenga, nije nile chipsi zako kivulini.